Mkihamia Japani na mwenzako, anzeni kwa majirani

Kwa wanandoa wanaohamia Japani, naomba msikilize hili maana linasaidia kweli. Mkishapata nyumba, ndani ya wiki ya kwanza nendeni wote wawili mkabishe hodi kwa majirani, kama ni ghorofa basi wa kulia, kushoto, juu na chini yenu, mkiwa na kizawadi kidogo cha yen 500 mpaka 1,000 hivi, taulo ndogo, sabuni ya kufulia au biskuti za boksi, inatosha kabisa, kubwa zaidi mtamfanya mtu aone deni. Semeni jina lenu na "yoroshiku onegaishimasu" (yaani kama "tunaomba mtupokee vizuri"), inameni kidogo, ondokeni. Dakika mbili tu. Usiku msiende.

Sisi tulifanya hivyo, na bibi wa mlango wa pili ndo aliyekuja kumwonyesha mume wangu ile kalenda ya taka, siku gani wanachukua taka za kuchomwa, siku gani chupa, maana ukikosea, mfuko unaachwa palepale na wote wanauona, inauma jamani.

Halafu kuna kairanban, lile faili la matangazo ya mtaa linalopita nyumba kwa nyumba. Likifika kwenu, wekeni sahihi mpeleke kwa anayefuata siku hiyohiyo au kesho yake, msiliweke ndani hata kama hamsomi kanji, yale maandishi ya Kijapani. Mpeni mkono kwa mkono mkimkuta, hapo ndo maongezi huanzia, sisi tulialikwa chai hivyohivyo mlangoni.