Somo: Kutembea ukingo wa Ziwa Victoria kutoka Kisumu mjini hadi Dunga, ufuko wa wavuvi, kwa wanafunzi wageni

Wiki yangu ya kwanza Kisumu nilimuuliza mzee mmoja mvuvi pale Dunga maji yanakupwa saa ngapi. Akanitazama, kisha akawaita wenzake waje nirudie swali. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilidhani maji yote mapana yana bamvua na maji mafu, kumbe ziwa halijai na kupwa kama bahari. Basi nyinyi mliotoka Pwani kama mimi mkaja kusoma huku, someni hili kwanza.

1. Saa 1 asubuhi uwe njiani. Mji uko juu ya mita 1,100 na ikweta iko jirani, hivyo ubaridi wa asubuhi unakudanganya huku shingo ikiungua. Alasiri upepo hutoka ziwani, na mara nyingi jioni huja na radi. Chukua kofia, maji lita 2, viatu vya kufunika vidole, pasipoti, na salio kwenye M-Pesa.

2. Anzia upande wa stesheni ya zamani. Reli ilifika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence. Shika njia ya mtaa wa Milimani. Usitafute kinjia cha kuambaa na maji kama ufukweni kwetu; kuna matope na mafunjo, kwa hiyo sehemu kubwa utatembea barabarani.

3. Utapita Impala Sanctuary, hifadhi ndogo iliyotengwa 1992. Hawapokei pesa taslimu. Mimi huwa napita tu.

4. Hippo Point. Wengi huja kutazama machweo, lakini machweo ndiyo saa ya kiboko kutoka majini kwenda kula nyasi. Usikae kati yake na maji hata kidogo. Pita asubuhi.

5. Dunga usiwe na haraka. Ingia kwenye njia ya mbao iliyo katikati ya mafunjo, usimame kimya. Ukiona ndege mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, mtazame kichwani: akiwa na utosi wa manjano, huyo ni wa mafunjo hasa, asiye nao ni binamu yake, anayeonekana hata vichakani. Kisha nenda kwa akina mama wa samaki. Sangara wetu hapa ni mbuta, sato ni ngege, dagaa ni omena. Ziwa ni lile lile la Mwanza, lakini niliomba sato nikaulizwa ni mnyama gani. Funua shavu uone wekundu, patana bei kabla hajaingia kwenye mafuta, halafu agiza ugali.

6. Rudi kwa boda kabla ya saa 11. Miguu yako imeshafanya kazi.

MASWALI YA WANAFUNZI

*Nikioga kidogo tu je, maana joto ni kali?*
Hapana, ndugu yangu. Mimi niliosha miguu tu, nikaishia kumeza vidonge vya kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda. Hakuna chumvi ya kukuokoa huku.

*Jana nilikuta maji meupe, leo nimekuta kama shamba la majani. Nimepotea?*
Hujapotea. Hilo ni gugumaji. Halina mizizi ardhini, upepo wa usiku mmoja hulihamisha. Kama mmepanga kupanda mtumbwi, muulize mwenye mtumbwi asubuhi ile ile, na ukose safari kuliko kukwama katikati. Na jaketi la kuokolea livaliwe, si kukaliwa.

*Niko Maseno, nje ya mji wa Kisumu. Nitawahi?*
Utawahi ukipanda matatu ya kwanza.

*Dada, mimi ni msichana na Kiluo sijui. Niende peke yangu?*
Tafuta mwenzako mmoja, mdogo wangu, si kwa sababu ya Kiluo. Barabara ya baada ya Hippo Point huwa kimya. Kiluo anza na "oyawore" asubuhi na "erokamano" ukishapewa samaki. Ukikosea watacheka, kisha watakuongezea mchuzi. Mimi bado wananiita yule wa maji kupwa.