Dawa ya malaria: lini kidonge, lini sindano

Wapo wagonjwa wanaojiona hawajatibiwa mpaka wachomwe sindano. Imani hiyo haina msingi, kwani njia ya kutoa dawa huchaguliwa kwa kuangalia hali ya mgonjwa, hasa kama anaweza kumeza.

Mwenye malaria isiyo kali hupewa dawa mseto ya vidonge, kwa kawaida ALu, yaani artemetha na lumefantrini katika kidonge kimoja. Dawa hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba na kupita kwanza kwenye ini, ambalo huvunja sehemu yake kabla haijasambaa mwilini. Lumefantrini, inayobaki mwilini siku kadhaa ikimalizia vimelea, huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, hivyo anayemeza tumbo likiwa tupu hupata dawa pungufu hata akifuata saa zote. Meza pamoja na maziwa, uji wa karanga au wali wa nazi. Chai ya rangi haisaidii. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku 2 zinazofuata, hata kama homa imeshashuka. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, apewe dozi nyingine, na mhudumu aongeze vidonge, maana pakiti haitatosha.

Mgonjwa anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyepoteza fahamu ana malaria kali na hawezi kutegemea tumbo. Huyo hupelekwa hospitali achomwe artesuneti, ambayo ikipita kwenye mshipa huingia katika damu papo hapo, na ikichomwa kwenye msuli hufyonzwa haraka pia. Huchomwa anapofika, baada ya saa 12 na baada ya saa 24. Kwa kuwa artesuneti hutoka mwilini upesi, akiweza kumeza ni lazima amalize dozi kamili ya ALu, jambo ambalo wengi hulipuuza wakisharudi nyumbani.

Hospitali ikiwa mbali, mtoto wa chini ya miaka 6 huwekewa na mhudumu artesuneti ya njia ya haja kubwa, ambako mishipa midogo huifyonza, ingawa kiasi kinachoingia hutofautiana kati ya mtoto na mtoto. Makalio yabanwe kama dakika 10 isitoke. Dawa hiyo ni ya kumvusha njiani tu, kwa hiyo safari ianze mara moja, hata kama mtoto ataonekana amechangamka.