Somo: Koti la mvua la Kilimanjaro, likague hivi kabla ya kulipa

Kila msimu naulizwa lile lile: "Kiongozi, ninunue koti gani?" Naliandika hapa mara moja.

1. Mvua. Masika ni Machi hadi Mei na vuli ni Novemba na Desemba, lakini msitu wa njia za Machame na Marangu unaweza kukunyeshea hata Julai. Beba mwezi wowote.

2. Saizi. Livalike juu ya sweta, na kofia iwe na kamba ya kukaza.

3. Suruali ya mvua. Zipu ndefu pembeni, uvae bila kuvua buti.

4. Ukaguzi. Hapa ndipo hela hupotea, hasa kwenye mitumba ya Memorial pale Moshi. Jina kubwa kifuani halikuhakikishii chochote, maana koti likizeeka utando wa ndani hubanduka. Ligeuze. Utepe wa mishono ukiwa umeachia, au ngozi nyeupe zikipukutika mabegani, rudisha, hata kama ni bei ya kutupa. Kisha bana kitambaa mdomoni upulize: pumzi ikipita kirahisi, maji nayo yatapita. Lipya lenye lebo ya milimita 10,000 au zaidi linatosha. Huo ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa hustahimili kabla ya kuvuja. USINUNUE koti la upepo ukidhani ni la mvua. Na usilifue kwa dawa ya kulainisha nguo, maji yataacha kuteleza juu yake.

5. Begi. Kava la nje halitoshi, maji huingia kwa upande wa mgongo. Nguo kavu na begi la kulalia vikae ndani ya mfuko usiopitisha maji.

MASWALI

– Nimepata la elfu kumi na tano, linafaa?
Umelipuliza? Hatua ya 4.

– Poncho, lile joho la mvua lisilo na mikono, si inatosha?
Msituni, sawa. Lakini Ukuta wa Barranco, ule mwamba mkali huko juu, utaupanda ukishika kwa mikono, na poncho inakuzuia kuona unapokanyaga.

– Mnatutisha ili tukodi kwenu.
Sikodishi koti. Nimeona watu wakitetemeka kwenye uwanda wa Shira huko juu mlimani, ndiyo maana naandika.

– Koti langu ni zima, mbona nalowa ndani?
Swali zuri sana. Hilo ni jasho. Kitambaa kinachopumua hutoa mvuke nje, lakini hewa ya msituni imeshajaa unyevu, kwa hiyo mvuke hautoki upesi. Vua sweta kabla ya kuanza kupanda, fungua zipu za kwapani, tembea pole pole. Ndani usivae pamba: ikilowa haikauki upesi, nawe ukisimama tu unapoa.

– Na buti zikilowa?
Toa soli za ndani, jaza magazeti, yabadilishe kabla ya kulala. Usizisogeze kwenye jiko, gundi inaachia.

– Koti la zamani nilipeleke wapi?
Kama halivuji, wape wagumu, yaani wapagazi. Pale Moshi KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, huwaazima wapagazi nguo za mlimani bure, nao hupokea. Suruali za mvua pia, usizisahau.