SOMO: Kwenye thrila yako nani anashukiwa, na kwanini ni yule yule kila siku?

Wakuu habari za jioni. Somo hili nililiahidi siku nyingi, leo nimepata nafasi nalimwaga lote. Ni kuhusu namna unavyowaonyesha watu wa kundi fulani kwenye thrila fupi, yani filamu za taharuki, zile dakika 5 mpaka 10 tunazopewa chuoni kama projekti: vikongwe, dada wa kazi, bodaboda, walinzi wa Kimasai, wenye ualbino, wageni.

Kwanini thrila na sio komedi? Kwasababu kwenye thrila mtazamaji anageuka askari, tangu sini ya kwanza anamtafuta aliyefanya, na kila sura utakayomuonyesha anaiweka mahabusu kwanza maswali baadae. Sasa wewe una dakika saba tu, huna muda wa kumjengea mtu tabia, kwaiyo unakopa kile ambacho mtazamaji anakiamini toka kwao, bibi kizee mchawi, beki tatu mwizi, bodaboda kibaka, biashara imeisha. Inafanya kazi haraka kweli, ndio maana wote tunaikimbilia.

Na mimi nimeharibu hapo hapo. Projekti yangu ya mwaka wa mwisho ilikuwa mtoto kapotea mtaani, tukahitaji mtu wa kutisha, tukamfata mama mmoja mtu mzima jirani yetu anauza vitumbua, macho mekundu kwa moshi wa kuni maana anawasha moto saa kumi alfajiri miaka yote. Akakubali kwa roho nyeupe, hela hakutaka, tukampa doti ya kanga. Tukampiga kamera toka chini, tochi kidevuni, tukaweka na mlio wa bundi. Mwisho wa muvi hana kosa, mtoto alichukuliwa na mjomba wake, tukajiona wajanja balaa. Tukaionyesha mtaani ukutani kwa projekta, wiki ile ile watoto wakaanza kumkimbia na wateja wa asubuhi wakapungua. Akaniita akaniuliza, "Mwanangu, si uliniambia mwisho mimi ni mtu mwema?" Na kweli alikuwa mwema, sekunde 15 za mwisho. Dakika sita na ushee alikuwa mchawi.

Anayeona ni jambo dogo akumbuke kule Usukumani, Shinyanga, Mwanza, Geita, vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi na alama iliyotajwa sana ni hayo hayo macho mekundu, ambayo yanatokana na kupikia kuni na samadi kavu ya ng'ombe. Sisi tuliichukua alama ile ile tukaiwekea bundi.

Haya, hatua.

HATUA YA 1: Kabla ya skripti andika karatasi ya watu. Kila mhusika jiulize, siku hiyo angekuwa anafanya nini kama uhalifu usingetokea? Dada wa kazi labda anahangaika kutuma elfu ishirini kwao Njombe kabla wakala hajafunga. Ukikuta jibu ni "anamtisha stelingi" basi huyo sio mtu, ni fanicha.

HATUA YA 2: Hamisha kosa. Mfano mkosaji ni mlinzi wa Kimasai, mtoe, kosa mpe mwenye nyumba. Hadithi ikisimama, sawa, chagua unayemtaka. Ikifa, ujue hukuandika hadithi, uliandika kabila la mtu ukalivalisha shuka. Ila na nyie mnaogeuza tu, kila muvi mbaya ni mchungaji au mheshimiwa, tumeshawazoea, sini ya pili tu mtu anasema "pasta huyo" na anapatia.

HATUA YA 3: Kamera. Hapa kaa sana maana skripti inaweza kuwa safi halafu kamera ikashtaki. Angalia nani ana macho kwenye muvi yako, yani tunaona kupitia kwa nani. Stelingi akichungulia dirishani anamuona bodaboda kasimama kwenye kona, hiyo ni shoti ya mshukiwa hata kama jamaa anasubiri abiria. Ipige na upande wa pili, bodaboda anamuona mtu kamkodolea macho toka dirishani, sasa nani anamtisha mwenzake? Shoti mbili tu, gharama sifuri, na hofu inaongezeka badala ya kupungua.

Halafu mwanga. Mnapiga na simu, mtu mweusi kasimama mbele ya ukuta wa chokaa, simu inapima mwanga wa ukuta, uso unabaki kivuli, na kivuli kwenye thrila maana yake adui. Hukukusudia ila umeshasema. Tena tatizo hili la kale, enzi za filamu za mkanda maabara nyingi zilikuwa zinapima rangi ya ngozi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, kwaiyo ngozi zetu zilikuwa nje ya hesabu toka mwanzo. Dawa yake kwenye simu nyingi, bonyeza usoni mwa muigizaji kwenye kioo ushikilie mpaka ifunge fokasi na mwanga hapo, kisha msogeze mbali na ukuta, mtafutie mwanga wa pembeni. Hata shuka jeupe linarudisha mwanga vizuri.

HATUA YA 4: Sauti. Adhana, ngoma, lafudhi ya Kikongo, visigeuzwe king'ora cha hatari. Ukiweka adhana iwe ni saa ya adhana basi, sio kwasababu maiti inakaribia kuonekana.

HATUA YA 5: Editi. Kuna Mrusi Lev Kuleshov, kama miaka mia iliyopita, alichukua uso ule ule wa muigizaji akaubandika baada ya sahani ya supu, baada ya jeneza, baada ya mwanamke, watu wakaona njaa, huzuni, tamaa, na uso haujabadilika hata kidogo. Sasa wewe kata toka kiatu cha mtoto kilichobaki barabarani uende kwenye uso wa mama wa vitumbua. Umemhukumu na hajafungua mdomo. Pitia taimlaini yako yote, ule mstari wa klipu unapoediti, utafute mikato ya namna hiyo, kila mmoja jiulize ningekata hapa kwenda kwa baba mwenye suti?

HATUA YA 6: Waonyeshe wenyewe kabla ya kueksipoti. Sio washkaji wa darasani, wenyewe. Kaa kimya usijitetee, angalia wanapoacha kucheka.

MASWALI YA WADAU

Binti Mbagala: Kaka asante kwa somo, ila sasa mtu mbaya atoke wapi? Maskini asiwe mwizi, mzee asiwe mchawi, si tutabaki na malaika watupu?

Jibu: Hapana dada, mwizi muweke tu. Shida ni pale kundi zima linapowakilishwa na mtu mmoja na huyo mmoja ndio mwizi. Weka bodaboda watatu kijiweni, mmoja ana roho mbaya, mmoja anakula mihogo, mmoja anabishana Simba na Yanga. Hapo mbaya ni yule, sio bodaboda.

kaka_tripodi: Mkuu nataka mwathirika awe albino anayewindwa, nampaka rafiki yangu poda, itakaa?

Jibu: Haitakaa. Kwanza sema mtu mwenye ualbino. Poda achana nayo, mtafute muigizaji mwenyewe. Usipige saa sita jua kali, awe na kofia na losheni, taa kali usimuelekezee machoni, na skripti mchapishie kwa herufi kubwa maana wengi uoni wao ni hafifu. Halafu kwanini awe wa kuwindwa tu? Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge 2010. Mpe upelelezi, yeye ndio awe anafata nyayo, hofu bado ipo na safari hii iko mikononi mwake.

Msee wa Ngara: Niaje, mimi niko Nairobi. Story yetu ni ya ugaidi na suspekti ni Msomali wa Eastleigh. Lecturer amesema tufikirie tena lakini hajasema aje.

Jibu: Baada ya magaidi kushambulia jumba la maduka la Westgate 2013 mtazamaji wa Nairobi ukimuonyesha tu huyo kijana ameshamaliza muvi kichwani, kwaiyo hata kwa upande wa thrila tu imekufa, hana cha kubahatisha. Kumbuka Aprili 2014, Usalama Watch, ile operesheni ya polisi, maelfu walikamatwa Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, na mitaa mingine, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Anzia hapo. Usiku, mlango unagongwa, ndani kuna mama anatafuta kitambulisho kwenye droo na hakioni. Mpige yeye na droo dakika nzima bila muziki. Mtu wa nje usimuonyeshe.

Fundi Klipu: Kwenye ripoti ya chuo niandike nini? Wanataka uwakilishi, yani tulivyowaonyesha watu.

Jibu: Taja shoti. "Tuliwaonyesha vijana vizuri" haina maksi. Andika shoti namba 14 ilikuwa toka chini, tukaishusha ikawa usawa wa macho, kwasababu fulani.

Mama Nuru: Na yule mama wa vitumbua mkamfanyaje?

Jibu: Tuliediti upya mama, tukaanza na yeye alfajiri anapuliza moto, moshi unamuingia anafuta macho kwa ncha ya kanga, ile ile tuliyompa. Shoti moja tu. Tukataka kuionyesha tena mtaani akagoma, akasema walichoona kinatosha. Vitumbua nanunua kwake mpaka leo, na chenji hanirudishii.