Mtoto anakwama kwenye kugawanya? Anza na maneno kwanza

Watoto wengi huku Mtwara hawashindwi kugawanya, wanashindwa kujua swali linataka nini. Mwandikie 12 ÷ 3 anakwambia 4 fasta, ila muulize bibi kawagawia wajukuu 3 embe 12 sawasawa, kila mmoja kapata ngapi, utashangaa anaanza kujumlisha. Kwa hiyo alama iache kwanza.

Tafuta kokwa za ukwaju au mbaazi kavu (korosho zenye ganda achana nazo, akizitia mdomoni yale mafuta yanababua). Hesabuni 12, azigawe kwa watu watatu, mojamoja huku anazunguka mpaka ziishe. Wakati anagawa nyie mnaongea: hizi 12 ndo zinazogawanywa, hiyo 3 ndo inayogawanya, kila mtu kapata 4 na hilo ndo jibu. Aseme yeye, sio wewe.

Halafu geuza, na hapa ndo wazazi wengi wanaruka. Zilezile 12 azipange mafungu ya tatutatu kama ya nyanya sokoni, anapata mafungu mangapi? Manne. Jibu halijabadilika ila swali limebadilika, mwanzo tuliuliza kila mmoja anapata ngapi, sasa tunauliza mafungu ni mangapi. Mtoto aliyezoea ile ya kugawia watu tu ukimuuliza kilo 240 za korosho zikijazwa kwenye magunia ya kilo 80 ni magunia mangapi anakutolea macho, maana haoni nani anapewa nini.

Akishazoea ndo muandike 12 ÷ 3 na asome "kumi na mbili gawanya kwa tatu". Usimwachie ageuze, kwenye kujumlisha ukigeuza namba hakuna shida, huku unaharibu hesabu nzima.

Sasa baki. Mpe 23 agawanye kwa 3, atapata 7 baki 2. Baki lazima iwe ndogo kuliko namba inayogawanya, ikiwa sawa nayo au kubwa basi bado kuna za kugawa. Kuhakiki ni 7 × 3 = 21, jumlisha zile 2 inarudi 23. Afu mtege kidogo: watu 23 wanaenda Shangani, kila bajaji inabeba watatu, tuite bajaji ngapi? Akisema 7 muulize wale wawili wanatembea kwa miguu? Ni 8. Lakini peremende 23 kwa watoto 3 kila mmoja anapata 7 tu, mbili zinabaki (za mama hizo). Hesabu ni moja ila baki inatumika tofauti, hii izungumzieni sana kuliko vyote.

Sifuri haina mambo mengi: 0 ÷ 3 ni 0. Ila 3 ÷ 0 haifanyiki, akibisha mwambie apange mbaazi 3 kwenye mafungu yasiyo na kitu ndani, aone kama zitapungua.