Kurekodi lugha darasani: ridhaa ya mwalimu na hesabu zinazoaminika

Mwalimu wa Kidato cha Kwanza katika shule ya serikali Tanzania hupokea wanafunzi waliosoma msingi kwa Kiswahili, naye anatakiwa kuwafundisha kwa Kiingereza. Huchanganya lugha ili aeleweke. Ukiingia na kinasa sauti kutafiti mchanganyiko huo, swali lake la kwanza ni: rekodi hii itamfikia nani? Asiporidhika na jibu, siku hiyo atafundisha Kiingereza kitupu, na utachambua somo lililoigizwa. Ndiyo maana ubora wa data huanzia kwenye ridhaa.

Pata vibali: kamati ya maadili ya chuo chako, kisha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa Tanzania au NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) kwa Kenya, halafu mamlaka za elimu za eneo husika. Barua ya mkuu wa shule inakufungulia geti tu. Mwalimu mwombe mwenyewe, mbali na ofisi ya mkuu, umwachie fomu siku mbili au tatu aifikirie. Fomu iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja: vipindi vingapi vitarekodiwa, nani atasikiliza, rekodi itafutwa lini, na anaweza kujitoa hadi tarehe gani bila kueleza sababu. Iseme wazi kwamba mkuu wa shule na maofisa elimu hawatapewa rekodi. Mkuu naye ajulishwe hilo kwa maandishi kabla hujaanza. Ukingoja mpaka aombe, ni vigumu mno kumkatalia.

Kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18, mzazi au mlezi asaini, na mtoto mwenyewe aulizwe. Aliyekataa asitolewe nje, maana somo ni haki yake. Akae mbali na kinasa, na maneno yake yasinukuliwe.

Mvalishe mwalimu maikrofoni ya kubana kwenye nguo. Rekodi kwa WAV, 44.1 kHz, biti 16, mkondo mmoja (mono). Kipindi cha dakika 40 huchukua takriban MB 210. Vipindi viwili vya kwanza viache nje ya uchambuzi, darasa likuzoee. Katika unukuzi usisahihishe sarufi ya mtu yeyote, wala usifute kusita kwake.

Hesabu ya kiasi cha kila lugha ndiyo huharibu tafiti nyingi za aina hii. Ukihesabu maneno, Kiswahili kitaonekana kidogo kuliko kilivyo: "sitawaambia" ni neno moja, lakini maana hiyohiyo kwa Kiingereza, "I will not tell you", ni maneno matano. Hesabu vishazi, au pima sekunde, na ueleze kwenye ripoti ulichochagua. Amua pia mapema "tuna-balance" utaiweka wapi. Sisi tungeipa kundi lake la mseto, kwa sababu kuisukumia upande mmoja kunaficha jambo lenyewe unalolichunguza.

Kisha watu wawili waainishe vishazi vilevile, kila mmoja kivyake, bila kuonana. Asilimia ya makubaliano haitoshi. Chukua vishazi 100 vyenye makundi mawili tu: kila mmoja amesema 85 ni Kiingereza na 15 ni Kiswahili, nao wamekubaliana kwenye 90. Inaonekana safi. Lakini kwa bahati tu wangekubaliana 0.85 × 0.85 + 0.15 × 0.15, yaani 0.745. Kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale ya bahati (1 ni makubaliano kamili), ni (0.90 − 0.745) ÷ (1 − 0.745), takriban 0.61. Kazi bado. Kaeni mpitie vile 10 mlivyotofautiana, mrekebishe mwongozo wa uainishaji, kisha mjipime upya kwa vishazi vingine. Mkirudia vilevile mtakuwa mnapima kumbukumbu zenu.

Jina la bandia pekee halimfichi mtu. "Mwalimu wa kike wa Kemia, shule ya kata fulani" anajulikana na kijiji kizima kama yuko peke yake. Ondoa somo, jinsia au eneo, chochote ambacho uchambuzi hauhitaji. Kabla ya kuchapisha, mpe mwalimu asome dondoo zake zote, na akitaka moja itoke, itoe.