Andika kwanza unachokijua, ndipo utafute kilichobaki

Ukiandika hadithi inayotokea hapa Goma, liandike tukio zima kwanza kwa kumbukumbu yako mwenyewe, na kila usipokuwa na uhakika weka alama ya kuuliza uendelee. Baadaye tafuta majibu ya alama hizo tu. Kumbukumbu hutoa yale ambayo vitabu huyaacha, kama vile namna gurudumu la mbao la chukudu, kile chombo cha mbao cha kusukuma mizigo, linavyogonga mawe meusi ya volkano na vumbi lake linavyong'ang'ania viatu, na utafiti nao haupati nafasi ya kuimeza hadithi, kwa kuwa unatafuta kile tu anachokihitaji mhusika. Njia hii haifai pale ambapo usilolijua ndilo linalobeba tukio lenyewe. Kwa mfano, volkano ya Nyiragongo, iliyo karibu na Goma, ililipuka asubuhi ya tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ilhali mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ulianza jioni na lava ikakomea pembezoni mwa mji. Ukichanganya miaka hiyo, safari yote ya familia inayokimbia itabidi iandikwe upya. Hapo uliza kabla ya kushika kalamu, hasa kwa wazee wa mtaa waliokuwepo.